Kulitayarisha Bwawa la Samaki la Nyumbani kwa Msimu wa Baridi

Leo tunazungumza na wewe mwenye bwawa dogo la samaki nyuma ya nyumba au kando ya bustani ya mboga, hasa wewe uliye katika Nyanda za Juu Kusini: Iringa, Njombe, Mbeya, Songea na vijiji vya milimani. Masika yakishapita, ukungu wa asubuhi huanza kukaa mabondeni, na mnamo mwezi Juni baridi huwa imeshika kweli kweli. Wewe unajitanda blanketi na kukaa karibu na moto. Je, perege wako wanajitanda nini?

Ufugaji wa samaki katika mabwawa si jambo geni nchini kwetu. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Kufikia mwaka 1968 ilikadiriwa kwamba mabwawa kama 8,000 yalikuwa yamechimbwa. Lakini mengi kati ya hayo yalikuwa madogo mno, mengine yalikosa maji, mengine yalikosa matunzo. Watu walichimba kwa nguvu, wakapanda samaki, kisha wakaliacha bwawa lijiendeshe lenyewe. Bwawa la namna hiyo, mwisho wake ni vyura na majani. Katika sehemu za baridi, miezi mitatu ya Juni, Julai na Agosti ndiyo huonyesha nani mfugaji na nani mchimba shimo.

Kwanza tuelewe jambo moja. Samaki hana joto la mwili wake mwenyewe kama ng'ombe au kuku. Joto la maji ndilo joto lake. Perege, na hasa sato, hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20, hamu ya kula hupungua na kuzaa husimama. Yakifika 16 au chini yake, samaki karibu anaacha kula kabisa na hakui. Yakikaa karibu na 10 kwa muda, anakufa. Kwa hiyo huko juu kabisa, kama Kitulo, ambako asubuhi za Juni na Julai huonekana jalidi, yaani umande ulioganda juu ya majani, sato hawafai hata kidogo. Lakini katika sehemu nyingi nyingine, bwawa likitayarishwa vizuri, samaki huvuka salama.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Katika mabwawa mengi ya nyumbani, samaki hawauawi na baridi peke yake. Wanauawa na wema wetu. Mfugaji anaona samaki wamekonda na kutulia, anasema wana njaa, anawaongezea pumba. Samaki hawali. Pumba zinazama na kuoza. Kitu kinachooza hula hewa ya oksijeni iliyomo majini, ile ile ambayo samaki anaivuta. Maji baridi yana uwezo wa kushika hewa nyingi kuliko maji ya moto, kwa hiyo hewa ingetosha, lakini uozo wa pumba unaimaliza. Baada ya siku tatu nne za mawingu na ukungu, unaamka asubuhi na kukuta matumbo meupe yanaelea. Unalaumu baridi. Kumbe ni pumba!

Basi shika neno hili: msimu wa baridi si wa kukuza samaki, ni wa kuwahifadhi. Na kazi kubwa ya kuwahifadhi hufanywa mwezi Mei, kabla baridi haijaingia.

Kazi ya kwanza ni kupunguza samaki. Vuta wavu mwezi Mei. Wakubwa wanaofaa kwa kitoweo watoe, ule na watoto wako, wengine uuze. Watakaobaki wasizidi wawili kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 15 lina mita za mraba 150, kwa hiyo libaki na samaki 300 hivi. Washike kwa mikono iliyolowa maji, wala usiwatupe juu ya nyasi kavu. Samaki aliyechubuka wakati wa joto hupona upesi. Aliyechubuka wakati wa baridi jeraha lake halifungi, na mara huota ukungu mweupe kama pamba. Kwa sababu hiyo, ikishafika Juni, wavu utundike ukutani mpaka Septemba. Wala usipande vifaranga katika miezi hiyo, maana watakufa kabla ya wakubwa.

Kazi ya pili ni tope. Chukua mti, uuchomeke chini ya bwawa. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza likizidi shubiri moja, hapo pana hatari. Upepo mkali wa baridi huyavuruga maji, na yale mabovu ya chini yasiyo na hewa hupanda juu na kuwakaba samaki. Ukiwa umeshawatoa samaki na una kidimbwi kingine cha kuwaweka kwa muda, kausha bwawa, zoa tope na ulipeleke kwenye bustani. Kabichi na mchicha zitakushukuru. Kisha nyunyiza chokaa ya kilimo kwenye bwawa tupu, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, ndipo ujaze maji na kusubiri wiki mbili kabla ya kurudisha samaki. Kama huna kidimbwi, au Juni imeshakukuta, usikaushe. Opoa tu majani makavu na takataka kwa reki, polepole. Majani ya mikaratusi yaondoe kabla hayajazama.

Kazi ya tatu ni kina cha maji. Unajua jinsi tunavyofanya tukitaka chai ipoe upesi: tunaimimina kwenye kisosi. Ikibaki ndani ya birika inakaa na joto. Bwawa ni hivyo hivyo. Lenye maji ya magotini ni kisosi. Usiku mmoja wa mbalamwezi usio na mawingu unalipoza lote. Bwawa lako liwe na kina cha sentimita 80 upande wa juu na mita moja au zaidi upande wa kutolea maji. Huhitaji kuchimba upya. Kama kingo zako ni imara, inua bomba la kutolea maji. Ukiongeza sentimita 30 tu katika bwawa letu la mita 10 kwa 15, umeongeza lita 45,000 hivi. Maji hayo yote hushika joto la mchana na kulitoa kidogo kidogo usiku. Lakini hakikisha ukingo unabaki juu ya maji kwa sentimita 30. Kama ni mfupi, uinue kwa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia vizuri.

Kazi ya nne ni mfereji. Wafugaji wengi hupenda kuona maji yakiingia na kutoka usiku na mchana, wakidhani ndiyo usafi. Hapana, bwana! Maji ya mto wa mlimani usiku ni baridi mno. Ukiyaacha yapite, unafukuza joto lote ambalo jua limekuwekea mchana, na pia unafukuza ile rangi ya kijani ambayo ni chakula cha samaki. Funga mfereji. Chomeka kijiti chenye alama ndani ya bwawa. Maji yakishuka chini ya alama, fungulia kati ya saa 6 na saa 9 mchana, yajae, ufunge. Mwenye chemchemi ana nafuu, kwa kuwa joto la maji ya chemchemi halibadilikibadiliki sana, na asubuhi ya baridi yanaweza kuzidi bwawa kwa joto. Lakini pima kwanza, na uyaache yaanguke kutoka juu ya bomba ili yapate hewa.

Kazi ya tano ni jua na upepo. Mwezi Juni na Julai, kwetu huku kusini, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo mti ulioko kaskazini mwa bwawa ndio unaotupa kivuli majini. Kata matawi yake. Upepo wa baridi nao hutoka zaidi kusini na kusini-mashariki. Upande huo ndio wa kuacha matete au kuweka ua wa mabua ya mahindi, kwani unazuia upepo bila kuzuia jua. Watu wengi hufyeka upande usiohusika na kuacha kivuli palepale.

Haya, baridi imeingia. Sasa unalishaje?

Ukiweza, pata kipimajoto. Pima saa 7 mchana, kwenye kina cha sentimita 30. Tuchukue mfano wa samaki wetu 300 wenye uzito wa gramu 100 kila mmoja. Hao ni kilo 30. Maji yakiwa na joto la nyuzi 24 au zaidi, chakula chao ni gramu 900 kwa siku. Yakiwa kati ya 20 na 24, wape nusu yake, gramu 450. Yakiwa kati ya 16 na 20, wape gramu 300, tena siku moja ndiyo, siku moja hapana. Yakishuka chini ya 16, usiwape kitu. Usiogope, mwili wao umepoa na matumizi yao ni madogo, wanaweza kukaa majuma kadhaa bila kufa njaa. Daima lisha mchana, saa 7 au saa 8. Usilishe asubuhi kwenye ukungu.

Huna kipimajoto? Tumia macho. Weka konzi moja ya pumba na mashudu mahali pamoja, ndani ya fremu ya mianzi inayoelea. Pumba zikibaki baada ya dakika 20, umeshajibiwa: kesho usilete.

Samadi nayo ipunguze. Kwenye baridi haiyeyuki upesi, hurundikana. Ingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla kiwiko hakijalowa, mbolea imezidi, acha kabisa. Kikipotea kiwiko kinapogusa maji, hapo ni sawasawa. Kikionekana bado, ongeza kidogo siku ya jua.

Kila asubuhi pita bwawani, uangalie. Ukikuta samaki wamepanda juu na kuhema kwa midomo wazi, hewa imekwisha. Hapo usijali baridi ya mto. Fungulia maji mara moja, yaanguke kutoka juu, na utoe yale ya chini. Joto linaweza kusubiri, pumzi haisubiri. Samaki aliyekufa mtoe siku hiyo hiyo, umzike mbali. Wakifa wengi, mwite Afisa Uvuvi wa wilaya yako. Na uwachunge mdiria na korongo, kwa sababu samaki aliyepoa hana mbio. Kamba zilizotandazwa juu ya maji zitasaidia.

Septemba ikifika na maji kuvuka nyuzi 20 hata asubuhi, rudisha chakula polepole kwa muda wa wiki mbili. Utawaona perege wakichimba viota vyao kingoni. Hapo ujue umevuka.

Kabla ya kuagana, chukua kalamu. Mwezi Mei: punguza samaki, zoa tope, ongeza kina, funga mfereji, kata kivuli cha kaskazini na uweke ua wa kusini. Juni hadi Agosti: lisha kidogo, lisha mchana, tazama kila asubuhi, na wavu ubaki ukutani.

Pale unaposikia mkono unawasha kuwarushia pumba asubuhi ya ukungu, kumbuka kwamba debe hilo hilo la pumba kuku wako wanalihitaji. Wape kuku. Samaki waache wapumzike.