Ngisi, Kijana na Mashine ya Mkono

Mama mmoja alitujia baada ya darsa akiwa na shauri. Bintiye apenda mno elimu ya viumbe, ila hisabati aiona mzigo bure, kwani, asema, mwili hauhesabiwi. Hatukumjibu papo hapo. Tulimsimulia habari ya ngisi.

Ngisi wa bahari ya Uingereza, ndugu wa huyu tumtiaye katika mchuzi wa nazi, ana mshipa wa fahamu mnene ajabu, upana wake yapata nusu milimita. Mwaka 1939, mjini Plymouth, Alan Hodgkin na mwanafunzi Andrew Huxley, kijana wa miaka 21, waliingiza kijibomba chembamba cha kioo ndani ya mshipa huo wakapima umeme upitao humo. Punde vita vikazuka, kazi ikasimama.

Baada ya vita walirudi baharini. Wakapima jinsi sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya jikoni, inavyoingia mshipani, na potasiamu inavyotoka, kisha wakayaandika hayo kwa hesabu. Lakini je, hesabu ile ni kweli? Hapana budi ikokotolewe hatua kwa hatua, na mwaka 1951 kompyuta ya Cambridge ilikuwa ikifungwa kwa kiasi cha miezi sita ili ifanyiwe marekebisho.

Huxley hakungoja. Alichukua Brunsviga, mashine ya kukokotoa yenye mpini. Dada zetu wenye cherehani cha mkono wataielewa upesi: weka tarakimu, zungusha, andika jibu, zungusha tena. Sisi tuliofundishwa mirathi madrasani twaijua hofu yake, kwamba fungu moja likikosewa, yote yaliyofuata yameharibika. Alizungusha kwa majuma.

Alipoyachora majibu yake, lilitokea wimbi lenye umbo lile lile waliloliona katika mshipa wa ngisi. Kwa hesabu, mwendo wake ulikuwa mita 18.8 kwa sekunde. Maabara ilikuwa imeonyesha 21.2. Tofauti ipo, wala hawakuificha walipochapisha kazi yao mwaka 1952. Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 1963.

Binti, aliyekuwa kimya mlangoni muda wote huo, aliuliza swali moja tu:

“Mkono haukumuuma?”

Mamaye akacheka. Sisi tukamwomba atuonyeshe daftari lake la hisabati.