Pampu ya mafuta ndani ya tangi: kazi ya uani inayoihusu familia nzima

MAGARI ya kabureta yalikuwa na pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini, na fundi aliifikia kwa kufungua boneti tu. Kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 mambo ni tofauti. Pampu yake ni ya umeme, nayo imezamishwa ndani ya tangi. Petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Kwa hiyo, gari linaloendeshwa siku zote huku taa ya mafuta ikiwaka huichosha pampu mapema kuliko lile ambalo tangi lake halishuki chini ya robo.

Pampu hiyo inapokufa, gari huwa halina hila. Watoto hukosa usafiri wa shule na madrasa, na mgonjwa hukosa wa kumpeleka hospitali. Wapo wazazi waliozoea kushika spana ambao hununua pampu dukani na kuifunga wenyewe uani. Kazi hiyo inawezekana. Ugumu wake hauko katika kufungua na kufunga, bali katika mvuke wa petroli, ambao haubagui baina ya fundi na mtoto anayecheza pembeni.

Je, ni pampu kweli?

Ndugu msomaji, usinunue pampu kwa kukisia. Gari linalozungusha stata bila kuwaka, au linaloishiwa nguvu kwenye mlima, huenda lina fyuzi iliyoungua, rilei mbovu, waya uliooza au chujio lililoziba. Vitu hivyo ni vya bei ndogo, navyo hukaguliwa kwanza.

Katika magari mengi, swichi inapowashwa pampu husikika ikiunguruma kwa takriban sekunde mbili. Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo. Pampu yake huanza kazi pale stata inapozungushwa, hivyo ukimya wake si ushahidi wa ubovu. Pima umeme kwenye plagi ya pampu huku mwenzako akipiga stata. Umeme ukifika na waya wa hasi ukiwa mzima, lakini pampu ikakaa kimya, hapo ndipo pa kuihukumu.

Mvuke ndio hatari

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini hadi ulipo moto. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wakakusanyika kuchota petroli. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tangi la gari dogo hubeba lita chache kulinganisha na lori, lakini petroli ni ile ile.

Kwa hiyo gari liwekwe nje, mahali penye upepo, si ndani ya banda lenye kuta. Jiko la mkaa, kibatari, sigara na hata chetezo cha udi vizimwe kabla kazi haijaanza. Watoto wapelekwe mbali na ua, na mtu mzima mmoja akabidhiwe jukumu la kuwaangalia. Tochi iwe ya betri, si balbu ya waya inayoweza kupasuka. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu pamoja na ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayafai, kwani petroli huelea juu yake na kusambaza moto.

Hatua za kazi

Chagua siku ambayo tangi lina mafuta kidogo. Ikibidi kuyapunguza, tumia pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo kamwe, maana tone likiingia kwenye mapafu huyaunguza. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, kisha washa injini uiache izime yenyewe. Hatua hiyo hupunguza presha iliyobaki kwenye mipira, ambayo ingeruka usoni. Kisha ondoa waya wa hasi wa betri.

Katika magari mengi madogo, kifuniko cha pampu kiko chini ya kiti cha nyuma. Safisha vumbi lote kabla ya kukifungua, kwani mchanga ukianguka ndani utaimaliza pampu mpya. Tia alama kila mpira ili ujue mahali pake. Ikiwa kuna pete ya kufungia, igonge kwa kipande cha mbao, si kwa chuma kinachotoa cheche. Gusa bodi ya gari kwa mkono mtupu kabla ya kunyanyua, ili umeme tuli utoke mwilini. Nyanyua taratibu ukiinamisha, ili mkono wa boya la geji usipinde, kisha ziba tundu kwa kitambaa safi cha pamba.

Linganisha pampu mpya na ya zamani. Badilisha chujio lake na mpira wa kuzuia uvujaji. Wa zamani haurudishwi. Mpira unaokaa ndani ya petroli uwe uliotengenezwa kwa kuzamishwa, kwani mipira ya kawaida huoza humo.

Ukimaliza kufunga, acha milango wazi mpaka harufu iishe, ndipo urudishe betri na fyuzi. Washa injini na ukague kila kiungo. Harufu ya petroli ikirudi, zima na utafute uvujaji.

Mabaki ya petroli

Hatari haiishi gari linapowaka. Petroli iliyotolewa isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji, kwani mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Akiinywa, asitapishwe, kwani kutapika huweza kuipeleka mapafuni. Awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Vitambaa vilivyolowa vianikwe nje, mbali na moto.

Ikiwa gari lako halina kifuniko chini ya kiti na tangi lazima lishushwe, mwachie fundi mwenye vifaa vya kulinyanyulia. Hata hapo, usisite kumtaka azime sigara na afanyie kazi nje. Gharama ya fundi hulipwa mara moja, lakini kovu la moto hukaa na mtoto maisha yake yote.