Mafuta ya Karafuu katika Sabuni ya Nyumbani

Mtume wetu s.a.w. alipenda manukato, nasi twafurahi kuwaona mabibi wakipika sabuni ya kunukia majumbani mwao. Lakini mafuta ya karafuu yataka hadhari.

Huko Pemba hukenekwa hata kutokana na makonyo, na yaliyo safi ni mazito kuliko maji. Basi mnunuzi na amimine kidogo ndani ya gilasi ya maji. Yakielea, yametiwa mafuta mengine, na hiyo ni ghushi iliyo haramu. Yakizama, bado si hakika, kwani yaliyochanganywa kidogo huzama pia. Kwa hiyo twaona heri kununua kwa mtu ajulikanaye kwa uaminifu.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, nayo huchoma ngozi isipozimuliwa. Gramu 5 kwa kilo moja ya sabuni zatosha. Tena huigandisha sabuni upesi mno, basi yatiwe mwisho, vyombo vikiwa tayari.

Mwenye kuuza aandike kwamba mna karafuu ndani, maana wako ambao ngozi zao hazizistahimili. Mtoto mchanga asiogeshwe nayo kabisa. Kwake yatosha sabuni isiyo na harufu.