Mabati ya baraza: mizani ndiyo inayosema kweli

Paa la baraza la mgahawa au nyumba ya wageni huonekana kazi ndogo, hivyo wanunuzi wengi huagiza bati la bei ya chini kuliko yote. Hapo ndipo ugomvi kati ya muuzaji, msafirishaji na mteja huanzia.

Baraza si sawa na nyumba. Liko wazi pande mbili au tatu, kwa hiyo upepo huingia chini ya paa na kulisukuma juu. Bati jembamba hupigapiga, tundu la msumari hupanuka, na siku ya dhoruba bati huondoka. Aidha, paa la baraza huwa limelala kwa sababu limebanwa chini ya paa kubwa. Maji huteremka polepole na huweza kupenya kwenye maungio, hivyo mabati yapishanishwe zaidi kuliko kawaida.

Kwa kazi hiyo geji 28, yenye unene wa takriban milimita 0.4, ni chaguo salama. Geji 30 ina takriban milimita 0.3, nayo yafaa iwapo mbao zimekaribiana. Geji 32 ibaki kwa mabanda ya muda. Wapo wanaosahau kuwa namba ikipanda, bati hupungua unene.

Tatizo ni kwamba namba iliyopigwa chapa kwenye bati si lazima iwe ya kweli, na tofauti hiyo jicho haliioni. Mizani huiona. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Kwa hiyo bati la mita 3, lenye upana wa mita 0.9 kabla ya kukunjwa, huwa na takriban kilo 8.5 likiwa na milimita 0.4, kilo 6.4 likiwa na milimita 0.3, na kilo 5.3 likiwa na milimita 0.25. Upana huo hupimwa kwa futi ya kamba inayofuata mawimbi. Mfanyabiashara akipima mabati 10 kwa pamoja kabla ya kulipa, atajua anachonunua. Dakika kumi kwenye mizani ni nafuu kuliko kurudisha mzigo kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kwa wanaopitia Horohoro na Lunga Lunga kuelekea miji ya pwani, chumvi nayo ina hesabu yake. Bati la zinki tupu huliwa mapema karibu na bahari; lenye mchanganyiko wa alumini na zinki hudumu zaidi. Makuti yana ubaridi ambao bati haliwezi kuufikia, lakini hushika moto upesi na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kwa jiko la kuchoma nyama chini ya baraza, makuti si ya kufikiria.

Karatasi za plastiki za kupitisha mwanga zina upande mmja uliokingwa dhidi ya jua, nao ndio hutazama juu. Alama huwa kwenye nailoni iliyobandikwa, hivyo dereva au kuli asiibandue njiani.

Kwa wasafirishaji, adui mkubwa ni unyevu. Mabati ya zinki yaliyobanwa pamoja yakiwa na maji katikati hutoa kutu nyeupe, na mteja ana haki ya kuyakataa. Yapakiwe makavu, juu ya vipande vya mbao, na yafunikwe turubai hata kama anga ni jeupe.

Mwisho ni karatasi. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha ushuru cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, zikiwemo za chuma. Mabati yaliyotengenezwa ndani na kutimiza kanuni za uasili huvuka bila ushuru huo, ila cheti cha uasili kiombwe kabla ya lori kuondoka kiwandani. Kukitafuta lori likiwa limeshapanga foleni mpakani ni kulipia siku za kusubiri.