Dawa ya Mifupa Dhaifu: Ujue Inavyoanzwa na Inavyoachwa

Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupoteza uimara hadi ikavunjika kwa urahisi, mara nyingi huja na swali moja: "Daktari, dawa hii haitaniozesha taya?" Amelisikia kwa shoga yake, au mwanawe amelisoma kwenye simu. Ni swali la haki na linastahili jibu la tarakimu. Lakini lina pacha wake ambaye huulizwa kwa nadra: nisipoitumia, nitapatwa na nini? Anayelijibu la kwanza akaliacha la pili bado hajapima chochote.

Mfupa unapopungua hauumi. Mama anajikwaa kwenye zulia, anaangukia kiganja, na kifundo cha mkono kinavunjika. Mwingine anainua ndoo ya maji, pingili ya uti wa mgongo inabonyea, kisha anaambiwa ni uzee. Kinachotisha zaidi ni nyonga. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 waliovunjika nyonga uzeeni hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wanaopona hawarudii kutembea kama zamani. Hiyo ndiyo hatari ambayo madhara ya dawa yanapaswa kulinganishwa nayo.

Hatari kwanza, dawa baadaye

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: mtu akipimwa msongamano wa mfupa kwa mashine ya DXA, na alama yake ikawa -2.5 au chini ya hapo ikilinganishwa na ya kijana mwenye afya, ana osteoporosisi. Mashine hizo kwetu Afrika Mashariki ni chache na nyingi ziko katika miji mikubwa, lakini kukosa mashine si sababu ya kukosa matibabu. Mtu aliyevuka miaka 50 akavunjika nyonga au pingili kwa mwanguko mdogo, bila ajali ya gari wala kudondoka kutoka juu, mfupa wake umeshajieleza. Kwa wengine daktari anaweza kutumia FRAX, kikokotoo kilichotolewa mwaka 2008 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Hukadiria uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10 kwa kuangalia umri, uzito, sigara, pombe, mzazi aliyevunjika nyonga na dawa anazotumia mtu.

Hapo kwenye dawa pasipitwe haraka. Prednisoloni na jamii yake zikitumika kwa miezi 3 au zaidi humega mfupa, na kuna watu wanaozimeza bila kujua ndani ya vidonge vya maumivu au vya kunenepesha vinavyouzwa kiholela. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3 hupunguza msongamano wa mfupa, ingawa sehemu kubwa hurudi baada ya kuiacha. Tenofoviri ya aina ya TDF, iliyomo katika ARV za watu wengi, nayo hupunguza mfupa kidogo, hasa mwanzoni. Hakuna mtu aache ARV kwa sababu hiyo. Amweleze tu daktari wake ili mifupa ihesabiwe pamoja na mengine.

Tena, si kila pingili iliyobonyea ni osteoporosisi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyosambaa hadi kwenye mifupa na upungufu mkubwa wa vitamini D vyote vinaweza kufanana nayo. Kabla ya dawa yoyote, damu ipimwe kalsiamu, utendaji wa figo na, inapowezekana, vitamini D.

Bisfosfoneti: kidonge cha wiki na dripu ya mwaka

Mfupa hai humegwa na kujengwa kila siku. Baada ya hedhi kukoma, umegaji huushinda ujenzi. Bisfosfoneti hujishika kwenye mfupa na kuzidhoofisha seli zinazomega. Alendroneti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa kawaida hutumika kama kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996, wanawake 2,027 waliokwisha kuvunjika pingili walifuatiliwa kwa takriban miaka 3. Waliopata pingili nyingine zilizovunjika walikuwa 8% kwa wenye dawa na 15% kwa wasio nayo. Nyonga zilivunjika kwa 1.1% dhidi ya 2.2%.

Tarakimu hizo zisomwe vizuri. Kusema "dawa hupunguza nyonga kuvunjika kwa nusu" ni kweli. Kusema "huokoa nyonga ya mwanamke 1 hivi kati ya 90 kwa miaka 3" nako ni kweli. Ni habari ileile. Kadiri hatari yako ya mwanzo ilivyo kubwa, ndivyo nusu hiyo inavyokuwa na uzito. Mama wa miaka 52 mwenye alama ya -1.8 asiyewahi kuvunjika hapati faida anayoipata bibi wa miaka 75 aliyekwisha kuvunjika pingili mbili.

Usumbufu mkubwa wa kidonge uko kooni na tumboni. Hata masharti yote yakifuatwa, chini ya 1% ya dawa hufyonzwa mwilini, na kidonge kikikwama kwenye umio huuchubua. Ndiyo maana humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu akae wima au atembee kwa nusu saa bila kula, kunywa chai wala kulala. Kahawa au juisi ya machungwa hupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu. Mwezi wa Ramadhani mtu anaweza kuamka nusu saa kabla ya daku akameza, au akamezea maji ya kufungulia na kusubiri nusu saa kabla ya tende na futari. Mwenye ugonjwa wa umio, au asiyeweza kukaa wima, kidonge hiki si chake.

Huyo anaweza kupata dripu ya asidi ya zoledroni, miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wanawake zaidi ya 7,700 walifuatiliwa kwa miaka 3: pingili zilivunjika kwa 3.3% ya waliopata dawa na 10.9% ya wasiopata. Nyonga kwa 1.4% dhidi ya 2.5%. Takriban theluthi moja walipata homa na maumivu ya mwili siku chache baada ya dripu ya kwanza. Hali hiyo huisha yenyewe, paracetamol husaidia, na dripu zinazofuata huwa na afadhali. Mgonjwa aambiwe mapema asije akadhani ni malaria. Dripu isiwekwe siku ya funga, kwa kuwa mwili unahitaji maji ya kutosha kulinda figo. Figo zikiwa zimeshuka sana, kwa kipimo cha chini ya mililita 35 kwa dakika, dripu hii haifai, na alendroneti pia haishauriwi.

Taya na paja

Sasa turudi kwenye swali la taya. Mfupa wa taya kufa na kukataa kupona, hasa baada ya kung'oa jino, ni dhara la kweli. Kwa dozi za osteoporosisi linakadiriwa kumpata kati ya mtu 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 kwa mwaka. Habari nyingi za kutisha zinatoka kwa wagonjwa wa saratani, ambao hupewa asidi ya zoledroni miligramu 4 hata kila mwezi, yaani karibu mara 10 ya dozi ya mwaka ya mgonjwa wa mifupa. La kufanya ni kumwona daktari wa meno kabla ya kuanza, meno mabovu yakang'olewa kwanza, na usafi wa kinywa ukazingatiwa.

Dhara la pili ni mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida baada ya miaka mingi ya matumizi, kwa kuwa mfupa usiomegwa kabisa haujikarabati vizuri. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia wanawake zaidi ya 196,000. Kwa kila wanawake Wazungu 10,000 waliotibiwa miaka 3, nyonga 149 ziliepushwa na mapaja 2 yakavunjika kwa namna hiyo. Kwa wenye asili ya Asia, nyonga 91 ziliepushwa na mapaja 8 yakavunjika. Hatari iliongezeka miaka ilivyopita na kushuka haraka dawa ilipoachwa. Maumivu ya paja au kinena yanayodumu wiki kadhaa yasipuuzwe. Piga picha ya eksirei ya mapaja yote mawili.

Kwa sababu hiyo, baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya dripu, daktari huangalia upya. Mwenye hatari ndogo anaweza kupumzishwa, kwa kuwa dawa hubaki mfupani ikiendelea kufanya kazi. Mwenye hatari kubwa huendelea.

Denosumabu: sindano isiyosamehe kuchelewa

Denosumabu huchomwa chini ya ngozi, miligramu 60 kila miezi 6. Utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha wanawake zaidi ya 7,800 ulionyesha pingili kuvunjika kwa 2.3% dhidi ya 7.2% ndani ya miaka 3. Haisumbui tumbo, na inaweza kutumika figo zikiwa na udhaifu kiasi. Kwa mgonjwa wa kusafishwa damu, hata hivyo, inaweza kushusha kalsiamu kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, na Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo lake kali zaidi kuhusu hilo.

Nataka msomaji abebe jambo hili: denosumabu haikai mfupani. Seli zinazomega mfupa hukaa chini yake kama mbuzi waliofungiwa zizini. Siku mlango ukiachwa wazi, hutoka wote pamoja na kuvamia shamba. Mfupa uliopatikana hupotea haraka, na baadhi ya wagonjwa huvunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa waliochelewa kwa zaidi ya wiki 16 walikuwa na hatari ya kuvunjika pingili karibu mara 4 ya waliochomwa kwa wakati. Anayetaka kuiacha sharti ahamishiwe bisfosfoneti, si kuacha hivihivi.

Zinazojenga, na za homoni

Kwa waliovunjika mara nyingi zipo dawa zinazojenga mfupa mpya. Teriparatidi huchomwa kila siku kwa hadi miaka 2. Onyo la saratani ya mfupa lililotokana na majaribio ya panya liliondolewa kwenye maelezo yake Marekani mwaka 2020, baada ya miaka mingi ya ufuatiliaji wa binadamu. Romosozumabu huchomwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, ila haifai kwa aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni. Zote ni ghali, na baada yake lazima ifuate dawa ya kuzuia umegaji, la sivyo faida hupotea. Raloksifeni hulinda pingili na kupunguza saratani ya matiti, lakini haijathibitika kulinda nyonga na huongeza damu kuganda mishipani. Homoni za kukoma hedhi humfaa zaidi mwanamke aliye chini ya miaka 60 anayeteswa na joto la ghafla, baada ya kupimwa hatari zake.

Dawa zote hizi hutegemea kalsiamu na vitamini D ya kutosha. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa, mboga za majani, jua kwenye ngozi na mazoezi ya miguu ni sehemu ya tiba. Mwenye upungufu atibiwe kabla ya dripu au denosumabu, maana kalsiamu ikishuka huleta ganzi midomoni na misuli kukakamaa.

Chagua kwa kutazama mwisho

Miongozo mingi huandikwa kwa nchi ambako dawa haikosekani dukani. Kwetu, mgonjwa anaweza kusafiri siku nzima kufika kliniki, bima inaweza kukataa dozi inayofuata, na bohari inaweza kuishiwa. Katika mazingira hayo naipa uzito mkubwa dawa inayomvumilia mgonjwa. Dripu ya mwaka ikichelewa miezi 3, mfupa bado una akiba. Sindano ya denosumabu ikichelewa miezi hiyohiyo, mgonjwa yuko hatarini. Kwa hiyo, figo zikiruhusu, kwa wengi naanza na bisfosfoneti, na denosumabu naiandika pale tu ninapojua ya kesho itatoka wapi. Wewe uliye Muscat au London ukimnunulia mama sindano nyumbani, ujue umeingia ahadi ya kila miezi 6, na ujue dawa hiyo hutunzwa kwenye jokofu kwa nyuzijoto 2 hadi 8, si ndani ya buti la basi.

Kabla ya kukubali dawa, muulize daktari mambo manne: hatari yangu ya kuvunjika ni kubwa kiasi gani, figo, tumbo na meno yangu vinairuhusu dawa hii, nitaitumia miaka mingapi, na siku ya kuiacha nitafanya nini. Majibu yake yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, na mtu mmoja wa nyumbani azijue tarehe. Na mzee wa nyumba akivunjika kwa mwanguko mdogo, familia isikubali arudishwe nyumbani na hogo pekee bila mtu kuuliza kwa nini mfupa umevunjika. Miaka miwili ya kwanza baada ya mvunjiko ndipo hatari ya mwingine huwa kubwa zaidi, na ndipo dawa huokoa mifupa mingi zaidi.