Mwindaji Hodari Hutengenezwa na Nini? Mafunzo kutoka kwa Wahadzabe

Katika nchi kavu ya mibuyu, migunga na vilima vya mawe inayolizunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, jamii ya watu elfu moja na mia kadhaa tu. Lugha yao, yenye sauti za vidoko, haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Baadhi yao hawalimi wala hawafugi. Wanawake huchimba mizizi na kuchuma matunda na ubuyu. Wanaume huwinda kwa upinde na mshale, na hurina asali.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa anthropolojia na biolojia wamekuwa wakiyachunguza maisha hayo kwa makini. Swali moja lililowashughulisha ni hili: kwa nini baadhi ya wawindaji hufaulu mwaka hata mwaka, ilhali wenzao, wenye pinde za namna ile ile na katika pori lile lile, hurudi mikono mitupu mara nyingi zaidi? Jibu linalomjia mtu upesi ni nguvu na shabaha. Utafiti unaonyesha kwamba jibu hilo ni la kweli kwa sehemu tu.

SILAHA NA MIPAKA YAKE

Upinde wa Kihadzabe ni mgumu. Kuuvuta kikamilifu kunahitaji nguvu inayolingana na kuinua mzigo wa kilo 30 hivi. Kamba yake hutengenezwa kwa kano za wanyama, na mishale huvishwa manyoya ya ndege, kama vile kanga na tumbusi, ili iruke bila kuyumba. Kwa ndege na wanyama wadogo hutumika mishale ya mti iliyochongwa ncha. Kwa wanyama wakubwa, kama vile pofu, punda milia na twiga, hutumika mshale wenye kigumba cha chuma, aghalabu kilichofuliwa kutokana na msumari, na kupakwa sumu.

Sumu hiyo hupatikana katika mimea. Mmoja ni Adenium, mti mdogo wa nchi kavu wenye shina nene na maua mekundu, ambao utomvu wake huchemshwa hadi uwe mweusi na mzito kama lami. Mwingine ni wa jamii ya Strophanthus, ambao mbegu zake ndizo zitumikazo. Mimea yote miwili ina kemikali ziitwazo glikosidi za moyo. Kemikali hizo huzuia protini inayofanya kazi kama pampu katika utando wa seli, ikitoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hiyo ikizuiwa, kalsiamu hujilimbikiza katika misuli ya moyo, mapigo huvurugika, na hatimaye moyo husimama.

Lakini sumu haiui papo hapo. Mnyama mkubwa aliyechomwa hukimbia, na huenda akafia mbali, saa nyingi baadaye. Hapo ndipo tofauti kati ya mwindaji na mwindaji huanza kuonekana. Asiye na uzoefu hutaka kumfuata mara moja. Na mnyama anayefukuzwa huzidi kwenda mbali. Mwenye uzoefu huchunguza mahali pa tukio: damu imedondoka kiasi gani, mshale umeingia wapi, unyayo umeelekea upande upi. Kisha hurudi kambini, akangoja, na baadaye akarejea pamoja na wenzake kuufuata unyayo huo. Akingoja kupita kiasi, fisi, simba na tumbusi watamtangulia. Kwa hiyo jambo linalohitajika hapa ni busara ya kukadiria wakati, wala si ukali wa jicho peke yake.

KUSOMA PORI

Katika uchunguzi wa nishati ya mwili uliochapishwa mwaka 2012, wanaume wa Kihadzabe walionekana kutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku. Mwendo huo haufanywi bila kufikiri. Kila hatua ni usomaji: kwato zilizokanyaga umande, kinyesi kilichokauka au kibichi, tawi lililovunjwa, upande utokako upepo. Mwindaji anayesahau upepo hunuswa kabla hajaonekana, na shabaha yake, hata ikiwa bora namna gani, haina kazi tena.

Mbinu nazo hubadilika kwa majira. Wakati wa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, wawindaji hujificha usiku karibu na maji na kuwangoja wanyama waje kunywa. Kazi hiyo ni ya hatari, kwa sababu simba na chui nao huyajua maji hayo. Vilevile mwindaji hodari hutazama juu. Tumbusi wakizunguka na kutua, huenda pana mzoga mpya, na Wahadzabe wamewahi kuonekana wakiwafukuza hata simba ili waichukue nyama. Asipokutana na mnyama mkubwa, hataona haya kurudi na ndege, pimbi au asali.

UGUMU WA KUPIMA UHODARI

Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walioishi na Wahadzabe katika miaka ya 1980, waliandika siku baada ya siku matokeo ya kila mwindaji. Matokeo yao yaliwashangaza wengi: mwindaji alifanikiwa kupata mnyama mkubwa katika siku 3 hivi tu kati ya kila siku 100.

Maana ya tarakimu hiyo inaweza kujaribiwa darasani kwa dadu mbili. Uwezekano wa kupata sita mbili kwa mrusho mmoja ni 1 katika 36, yaani karibu 3 katika 100. Kila mwanafunzi na arushe dadu zote mbili mara 30, kila mrusho ukiwakilisha siku moja ya kuwinda, na kila sita mbili ikiwakilisha mnyama mmoja. Hesabu inaonyesha kwamba katika darasa la wanafunzi 40, yatarajiwa wanafunzi 17 hivi wamalize "mwezi" wao bila kupata kitu, ingawa wote wana "uhodari" ulio sawa kabisa. Sasa achukuliwe mwindaji aliye hodari mara mbili, ambaye hufaulu kwa sita mbili au kwa tano mbili. Yeye naye atamaliza mwezi mtupu mara 18 hivi katika kila mara 100.

Kwa hiyo mwezi mmoja hauwezi kumtofautisha hodari na asiye hodari. Bahati huuficha ustadi. Katika siku 360, hata hivyo, wa kwanza hutarajiwa kupata wanyama 10 na wa pili 20, na tofauti huanza kujitokeza. Hii ndiyo sababu sifa za mwindaji miongoni mwa wenzake si kipimo kamili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba sifa hizo huafikiana na matokeo ya majaribio ya stadi, lakini kwa kiasi tu.

UMRI NA MAFUNZO

Kama nguvu ndiyo ingekuwa siri ya uwindaji, vijana wangekuwa mabingwa. Mambo si hivyo. Miongoni mwa Waache, wawindaji wa misitu ya mashariki ya Paraguay, ilionekana kwamba nguvu za mwili hufikia kilele katika miaka ya ishirini, lakini mapato ya uwindaji hufikia kilele karibu na miaka 40. Ulinganisho mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye kumbukumbu za wawindaji zaidi ya 1,800 kutoka sehemu 40 za dunia, ulionyesha kwamba kwa wastani ustadi hufikia kilele kati ya miaka 30 na 35, kisha hupungua polepole sana.

Jaribio moja la Blurton Jones na Frank Marlowe, lililochapishwa mwaka 2002, linaongeza mwanga. Wahadzabe waliopoteza muda wa pori kwa kusoma katika shule za bweni walilinganishwa na wenzao waliobaki porini. Katika kulenga shabaha, waliosoma hawakuwa nyuma. Basi kupiga shabaha si jambo linalodai miaka mingi kuliko yote. Linalochukua muda mrefu ni kujua mahali pa kwenda, wakati wa kukaribia, na wakati wa kungoja. Na hayo hayapimwi kwa shabaha iliyosimama.

KINGA DHIDI YA BAHATI MBAYA

Hata aliye hodari kuliko wote hukosa siku nyingi kuliko anazopata. Familia yake haiwezi kungoja mwezi mzima. Mizizi na matunda ya wanawake huja karibu kila siku, na nyama ya mnyama mkubwa hugawiwa kambi nzima. Leo hula kwa mshale wa huyu, kesho kwa mshale wa yule. Bahati ya mmoja inapochanganywa na ya wengi, wastani wa kambi hutulia kuliko wa mtu yeyote. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa kujumlisha matokeo ya dadu za wenzake kumi.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba ujuzi huu hauhifadhiwi kitabuni. Hukua ndani ya mtu kwa miaka ishirini au zaidi, naye huuhitaji uwanja wenye wanyama ili ukue. Mashamba na mifugo vimekuwa vikiingia katika mbuga za Eyasi, na wanyama wamepungua. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja, hatua iliyowapa nguvu ya kisheria ya kuilinda. Pinde zinaweza kuwekwa katika makumbusho na kubaki salama. Lakini kijana asiyepata unyayo wa kuufuata hatajifunza kuusoma, na wazee wakiondoka hapatakuwa na mwalimu mwingine.