Saa Zenye Wenyewe: Joto Kali, Wanyama Wakubwa na Usalama wa Wakazi wa Mtoni

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Novemba, tulimpokea majeruhi aliyesafirishwa usiku kucha kutoka kijiji kimoja cha Bonde la Mto Rufiji. Alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa makamo, aliyeng'atwa na kiboko pajani. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na jeraha lilikuwa limefungwa kwa khanga mbili za mkewe. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, shinikizo la damu lilikuwa chini mno, na midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Kiasi cha damu alichopoteza, kwa makadirio yetu, hakikutosha kueleza hali mbaya kiasi kile.

Mkewe ndiye aliyetupa jibu. Siku moja kabla ya tukio, mumewe alikuwa amezimia shambani saa 7 mchana kwa sababu ya joto. Alipozinduka alipelekwa kupata tiba, akanyweshwa maji ya ORS, kisha akashauriwa asifanye kazi tena jua likiwa kali: atoke nyumbani alfajiri na arejee mapema. Naye akatii. Saa 11 alfajiri, kiza kikiwa hakijaondoka, alikutana kwenye kijia chembamba na kiboko aliyekuwa akirudi mtoni.

Nilisikiliza maelezo hayo nikiwa na uzito moyoni, kwa kuwa ushauri ule ningeutoa mimi mwenyewe. Nimeutoa mara nyingi, na umo katika takriban kila kipeperushi cha afya kinachohusu joto. Mgonjwa wetu alipona, ingawa anatembea kwa kuchechemea hadi leo. Baadaye nilipopata nafasi ya kufika katika vijiji vya bonde lile pamoja na wenzangu, niliwaeleza wanakijiji chini ya mwembe namna ya kujikinga na joto, nikarudia maneno yale yale: limeni alfajiri, choteni maji jioni, laleni penye hewa. Nilipomaliza, mzee mmoja aliomba kusema. "Mwanangu daktari," akaniambia, "maneno yako ni mazuri. Lakini saa ulizotupa zina wenyewe."

Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule.

Mwili unavyopambana na joto

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ndani yake kukiwa na nyuzijoto 37 hivi. Joto linapozidi, moyo husukuma damu nyingi zaidi kuelekea kwenye ngozi, na tezi za ngozi hutoa jasho. Kinachopoza mwili ni kukauka kwa jasho hilo, kwani linapogeuka mvuke huondoka na joto. Ndiyo maana katika mabonde na mwambao, ambako hewa imejaa unyevu, jasho hutiririka na kudondoka bila faida, na mtu huchoka upesi kuliko aliye katika nyanda kavu zenye kiwango kile kile cha joto.

Mtu anayelima juani anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, na wakati mwingine zaidi. Asipoyarudisha, damu hupungua ujazo, figo hupata taabu, misuli hukaza, kichwa huuma, na kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Katika hatua hiyo kivuli, mapumziko na maji humsaidia. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40 na kuendelea, na ubongo ukaanza kuathirika, mgonjwa huwa amefika mahali pengine kabisa: huongea ovyo, huyumba kama mlevi, hupata degedege au hupoteza fahamu. Hali hiyo huitwa kiharusi cha joto. Si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja, lakini nacho huua, tena kwa saa chache. Ngozi yake inaweza kuwa kavu au ikawa bado na jasho. Kwa hiyo jasho lisikupe matumaini ya uongo.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni wazee, watoto wachanga, wajawazito, wenye magonjwa ya moyo, figo na kisukari, pamoja na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo. Hata kijana mwenye afya huhitaji wiki moja hadi mbili ili mwili wake uzoee kazi ya juani. Mwaka 2024 ulirekodiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa wenye joto kubwa kuliko yote tangu vipimo vianze kutunzwa, hivyo hatuna budi kulichukulia joto kuwa suala la afya la kila mwaka.

Wanyama nao hulikimbia jua

Alichokijua mzee yule kwa uzoefu, elimu ya viumbe hukieleza kwa sababu. Kiboko, mnyama ambaye dume lake hupita tani moja na nusu, ana ngozi inayopoteza maji haraka na kuungua juani kwa urahisi. Ngozi hiyo hutoa majimaji mekundu yanayoikinga kiasi na miale ya jua, lakini kinga yake kubwa ni kushinda ndani ya maji. Magharibi hutoka kwenda kula majani nchi kavu, na kabla ya mapambazuko hurudi kwa njia zile zile. Akimkuta mtu amesimama kati yake na maji, humwona ndiye aliyemzibia njia ya kukimbilia. Juu ya nchi kavu anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa.

Tembo hana tezi za jasho kama zetu. Hujipoza kwa kupepea masikio yake mapana yaliyojaa mishipa ya damu, kwa kujimwagia maji na kwa kujipaka matope. Tembo mkubwa hunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, na mabwawa ya porini yakikauka mwishoni mwa kiangazi, mto na mashamba yaliyo kando yake ndiyo yanayobaki. Nyati naye hawezi kukaa mbali na maji. Mchana wa joto hujilaza kivulini au kwenye magugu, na anayekatisha hapo kwa miguu huenda asimwone hadi amkaribie mno.

Mamba ni kinyume cha hao wote. Yeye hupata joto la mwili kutoka nje, kwa hiyo maji yakiwa na joto huchangamka zaidi na kuhitaji chakula zaidi. Miezi ambayo binadamu hutamani kujitosa mtoni apoze mwili ndiyo miezi ambayo mamba ana nguvu.

Hivyo basi, joto kali linawasukuma binadamu na wanyama kwenye saa zile zile na mahali pale pale. Mchana sote tunatafuta kivuli. Alfajiri na jioni sote tunakwenda kwenye maji. Anayesoma kipeperushi cha joto peke yake, au kile cha wanyamapori peke yake, anasoma nusu ya habari.

Kulala nje

Chumba kidogo chenye paa la bati hubaki na joto hadi usiku wa manane, na watu wengi huhamishia mkeka uani. Wengine hulala madunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, Craig Packer na wenzake walieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308, hasa katika wilaya za kusini. Mashambulizi mengi yalitokea msimu wa mavuno, na nguruwe pori walikuwa sehemu ya chanzo: nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mlinzi wa shamba yuko katikati. Utafiti wao wa mwaka 2011 ulionyesha pia kwamba hatari huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku ambazo mwezi bado haujachomoza.

Huduma ya kwanza kwa aliyezidiwa na joto

Ukimwona mtu aliyekuwa juani akichanganyikiwa, usipoteze muda kutafuta usafiri kwanza. Mpoze kwanza, kisha umsafirishe. Nusu saa ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Kama kuna pipa au karai kubwa, mwili utumbukizwe humo huku kichwa kikishikiliwa juu. Maji ya kupozea si lazima yawe safi ya kunywa. Endelea kumwagia maji hata mkiwa njiani.

Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Wala asipewe parasetamoli: joto hili si homa ya maradhi, dawa hiyo hailishushi, na inaweza kuliumiza ini ambalo tayari limo taabuni. Aliye na fahamu timamu anywe maji kidogo kidogo pamoja na ORS. Pakiti ikikosekana, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kulundika.

Huduma ya kwanza kwa aliyejeruhiwa na mnyama

Hakikisha kwanza mnyama ameondoka, kwani waokoaji wengi huwa majeruhi wa pili. Kandamiza jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi na usiachie. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na kukandamiza kusiifae, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya jeraha na ukumbuke saa uliyofunga. Mfupa uliovunjika uegemezwe kwa vijiti bila kuunyoosha kwa nguvu. Usitie jerahani udongo, tumbaku wala kinyesi cha mnyama.

Jeraha lisilotoka damu nyingi lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Fisi, mbwamwitu na wanyama wengine wanyonyeshao wanaweza kuambukiza kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikianza takriban hakina tiba. Hata tundu dogo la jino lipelekwe hospitali, maana meno husukuma vijidudu ndani sana. Huko mgonjwa atapata usafi wa jeraha, dawa za kuua bakteria, na kinga ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa inapohitajika.

Jambo moja husahaulika. Majeruhi anayesubiri gari awekwe kivulini, na mhudumu aambiwe kama alikuwa juani au alizimia siku zilizotangulia. Mwili uliokauka hauwezi kustahimili kupoteza damu kama mwili wenye maji ya kutosha. Kwa mkulima wetu, maneno machache ya mkewe ndiyo yaliyotuongoza kumwongezea dripu haraka.

Saa zilizobaki

Tufanye nini, basi, ikiwa mchana unaua na alfajiri ina wenyewe? Jibu langu la sasa ni dogo kuliko lile la chini ya mwembe, lakini ni la kweli zaidi. Baina ya kiza na jua kali kuna vipindi viwili: asubuhi baada ya mwanga kutanda, takriban saa 1 hadi saa 4, na alasiri kuanzia saa 10 hadi kabla ya jua kuzama. Kazi nzito na safari za mtoni ziwekwe humo, watu wakienda kwa makundi na kuzungumza kwa sauti ili wanyama wapate kuwasikia na kujitenga. Mamba hana saa, kwa hiyo maji yachotwe kutoka ukingo wa juu kwa ndoo yenye kamba au mti mrefu, bila kuingiza miguu, na bila kurudia sehemu ile ile kila siku. Vizimba vya kuzuia mamba, ambavyo vimejengwa katika baadhi ya vijiji vya Ziwa Victoria, vinastahili kuigwa. Dungu liwe juu, lenye kuta na ngazi inayovutwa. Nyumbani, dirisha lenye wavu wa chuma huingiza hewa bila kumlazimu mtu kulala uani.

Dawa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kisima. Kisima kirefu chenye maji matamu karibu na makazi humpa mtu maji ya kunywa kabla hajasikia kiu, na humwondolea safari ya mtoni. Mimi ni daktari, sichimbi visima. Lakini katika vikao vya wilaya nimejifunza kukiombea kisima kwa nguvu ile ile ninayoombea dawa. Serikali yetu hulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, na kila tukio liripotiwe mapema kwa uongozi wa kijiji na kwa ofisa wa wanyamapori. Hata hivyo, chozi lililozuiwa ni bora kuliko lililofutwa.

Kwa wanataaluma wenzangu nina ombi. Siku hizi, kabla ya kumshauri mgonjwa kuhusu joto, humwuliza maswali matatu: maji unachota wapi, unatoka nyumbani saa ngapi, na njia yako inapita wapi? Huchukua dakika mbili. Mgonjwa akishajibu ndipo nami hufungua kinywa.